Wageni wa Mchana

Saa moja na robo asubuhi, Jumanne, milango yote ya Gesti ya Zamoyoni, Rwamgasa, ilikuwa imefungwa, na wanaume saba walikuwa wamekaa uani juu ya ndoo zilizopinduliwa, wakisubiri kulala.

Walikuwa wametoka duarani, kwenye shimo la dhahabu, alfajiri hiyo. Vumbi la mwamba lilikuwa limewakaa kwenye kope na kwenye mikunjo ya shingo. Mmoja alikuwa ameshapitiwa na usingizi hapo hapo, kidevu kifuani, taa ya kichwani bado inawaka. Wengine walitazama milango. Nyuma ya milango hiyo hapakuwa na mtu: waliolala humo usiku walikuwa wameshaondoka kwenda kushika zamu yao chini ya ardhi. Vitanda vilikuwa vitupu na bado vina joto, ila hapakuwa na wa kuwafungulia milango.

"Mwangaluka, mayu," alisalimu kwa Kisukuma Maduhu, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri na kwa maneno.

"Mwangaluka, baba," alijibu Mwahija, msimamizi wa gesti.

"Chumba namba nne nimekilala tangu mwaka juzi. Leo kimenikataa kama binti wa watu."

"Si mimi, Maduhu. Ni mfumo. Unasema ndani kuna mtu."

"Nani huyo?"

Mwahija alishusha miwani na kusoma kwenye kishikwambi, alichokishika kwa mikono miwili kama sinia lenye chai ya moto. "Marwa."

"Marwa nimepishana naye njiani. Saa hizi yuko futi mia chini. Uambie huo mfumo umfuate huko, ukimpata umsalimie."

Wenzake walicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Mwahija hakucheka. Alibonyeza pale alipofundishwa jana, na kishikwambi kikamjibu kilichomjibu tangu alfajiri: chumba kina mgeni hadi saa nne.

Amira alitokea vyumba vya nyuma akiwa na sare ya shule ya mwanawe Raudha mkononi, pasi imeachwa katikati. Alikuwa mke wa Yasini, mwana pekee wa Mwahija; na alikuwa pia ndiye aliyeuweka mfumo huo. Alitazama ndoo, akatazama milango, akaelewa yote bila kuuliza.

"Mama, wape namba yangu ya ufundi," alisema. "Inafungua milango yote. Kwa leo tu."

"Na kesho?"

"Kesho nitakuwa nimepata njia."

Wanaume wakanyanyuka. Maduhu alipopita mbele ya Amira alisema, bila ubaya, "Mwalimu, kabla ya hii akili yako tulikuwa tunalala."

*

Bwana Swaleh alikuwa na gesti nne, zote zikiitwa Zamoyoni, jina la marehemu mama yake: moja Shinyanga mjini, moja Nyahanga kule Kahama alikokuwa akiishi mwenyewe, moja Kalangalala, Geita, na hii ya Rwamgasa. Kwa miaka aliziendesha kwa simu na kwa daftari zilizoletwa kwake kila mwisho wa mwezi. Mwaka huu aliamua zote ziingie kwenye mfumo mmoja, na akamwajiri Amira, mwenye stashahada ya kompyuta kutoka Mwanza, auweke gesti baada ya gesti.

Kazi ilikuwa imekwenda vizuri. Shinyanga mhudumu wa mapokezi alikificha kishikwambi kwenye droo na kuendelea na daftari lake. Amira alikaa naye mpaka daftari likawa ndilo linalofichwa. Nyahanga panya walikula waya wa intaneti. Kalangalala umeme ulikuwa unakatika kila mgeni anapotaka kulipa, akaagiza betri. Hakuwa na haraka. Hakuondoka mahali mpaka wafanyakazi walipoacha kumwita. Rwamgasa iliachwa ya mwisho kwa sababu ilikuwa ndogo na, kwa maneno ya Bwana Swaleh, "kule ni kwako, utamaliza ukiwa jikoni."

Kweli palikuwa kwake. Mwahija alikuwa msimamizi hapo kwa miaka kumi na mmoja, na pamoja na kazi alipewa vyumba viwili vya nyuma. Walikaa humo wote: yeye, Yasini, Amira na mtoto. Yasini alikuwa amefanya kazi kwenye karasha, akisaga mawe ya dhahabu bila kitu usoni zaidi ya kanga ya mama yake, mpaka kifua kikajaa vumbi na pumzi ikapungua. Sasa alikwenda kliniki Geita kila mwezi, na wakati mwingine alirudi na mtungi wa oksijeni. Alitibiwa kwa kadi ya bima iliyotokana na ajira ya Amira. Kabla ya kadi hiyo walikuwa wameuza baiskeli, godoro la pili na kiwanja.

Na Amira alijua habari ya wageni wa mchana. Kila mtu pale alijua. Rwamgasa kitanda kimoja kililaliwa na watu wawili, mmoja usiku na mwenzake mchana, kila mmoja na shuka lake, na mara nyingi hawakuwahi kuonana zaidi ya kupishana mlangoni. Fomu ya maandalizi ilipouliza kitanda kinachukua wageni wangapi kwa siku, Amira aliandika mmoja, kama alivyoandika kwingine. Alihesabu kwamba mfumo utashika usiku, na mchana mama ataendelea kufungua kwa funguo zake kama kawaida, kimya kimya. Kisha Bwana Swaleh akanunua makufuli ya namba kwa gesti zote. Mgeni anapewa namba. Namba inakufa saa nne asubuhi ya pili. Bila namba hakuna mlango. Funguo za zamani zilikusanywa na kupelekwa Kahama ndani ya mfuko wa sukari.

*

Mchana Mwahija alikuwa uani akifua mashuka. Yalikuwa ya rangi ya udongo kabla hayajaingia majini na maji yalikuwa ya rangi hiyo baada ya shuka la kwanza. Yasini alikaa kwenye kiti kivulini, mgongo umenyooka, kwa kuwa akiinama alikosa hewa.

Amira alichuchumaa kando ya beseni. "Nimepata njia, mama. Mfumo wenyewe unayo sehemu ya matumizi ya mchana. Waliitengeneza kwa ajili ya hoteli za mjini, watu wanaosubiri ndege. Nikiiwasha, Maduhu anapewa namba yake asubuhi, Marwa anapewa yake jioni. Hakuna anayekaa kwenye ndoo."

"Na hela ya Maduhu?"

"Inaingia kwenye mfumo."

"Nani anaiona?"

"Bosi."

Mwahija alikamua shuka. Pampu ya kisima cha gesti ilikuwa imekufa siku nyingi. Alipompigia Bwana Swaleh kumweleza, alijibiwa neno moja, "Pambana, mama," na alipompigia tena alijibiwa hilo hilo. Akapambana. Hela ya wageni wa mchana ilinunua maji ya boza, lori la tangi, na sabuni, na mashuka mapya pale ya zamani yalipochanika. Hakumwomba bosi kitu tena, na bosi hakuuliza mashuka yanafuliwa na nini.

"Na maji nitayaingiza," alisema Amira. "Sabuni, mashuka, kila kitu. Ataona kilichoingia na ataona kilichotoka, hapo hapo, ukurasa mmoja."

"Mtu akishaona kilichoingia," alisema Yasini kutoka kivulini, akivuta pumzi katikati, "huwa anaendelea kusoma chini?"

"Tarakimu zitajieleza."

"Swaleh ni mfanyabiashara. Mfanyabiashara hasomi, anajumlisha."

"Wewe unataka nifanyeje? Nizime? Nimwambie Rwamgasa imeshindikana? Mkataba wangu unaisha mwezi huu, Yasini. Mkataba ukiisha na kadi inaisha."

Mwahija aliweka shuka kwenye kamba, akalinyoosha kwa kiganja.

"Sawa basi, washa," alisema, mgongo kwao.

Amira aliichukua hiyo kuwa ridhaa.

*

Iliwaka vizuri. Siku ya kwanza Amira mwenyewe alikaa mapokezi na kuwaandikisha wageni wa mchana mmoja mmoja.

"Jina?"

"Si unalijua."

"Mfumo haulijui."

"Maduhu. Uandike na Mwalimu Maduhu, labda utanipa godoro nene."

"Namba ya NIDA?"

Akaisoma kwenye simu yake, tarakimu kwa tarakimu, kwa fahari ya mtu asiyedaiwa na serikali.

"Unatoka wapi?"

"Duarani."

"Unakwenda wapi?"

"Kitandani, ukiniruhusu."

"Hapa wanataka mji."

"Basi andika mji wa kitandani. Mkoa ni usingizi."

Amira aliandika Rwamgasa mara mbili, na mlango wa namba nne ukafunguka. Wawili waligoma kutoa vitambulisho, wakachukua ndoo zao za nguo na kuhamia gesti ya jirani. Waliobaki walizoea. Kufika Ijumaa hakuna aliyemwita Amira. Mwahija aligawa namba huku akimenya viazi.

Kilichokwama ni maji. Mfumo haukuthibitisha matumizi bila picha ya risiti yenye namba ya mlipakodi. Amira alimsubiri Eustace, mwenye boza, alipokuja kujaza simtanki.

"Risiti," Eustace alirudia, akifunga mpira. "Maji nayachota kwenye kisima cha shemeji yangu, mama Raudha. Nikupe na cheti cha kuzaliwa cha kisima?"

"Niandikie tu kwenye karatasi na saini."

Aliandika. Amira alipiga picha karatasi, akapiga picha boza na Eustace mwenyewe akiwa ameegemea usukani, akayaingiza malipo ya maji ya wiki, ya sabuni na ya mashuka. Mfumo ulipokea vyote na kuviweka upande wa kulia, kwa herufi za kijivu: inasubiri uthibitisho. Mapato yalikaa kushoto, kwa kijani: imethibitishwa. Ripoti iliyokwenda Kahama kila jioni ilibeba vilivyothibitishwa tu. Hivyo ndivyo Amira alivyoipanga mwenyewe, Shinyanga, baada ya kugundua mtu anajaza matumizi ya mafuta ya jenereta lisilokuwepo.

Alimwandikia Bwana Swaleh ujumbe mrefu akieleza habari ya pampu, ya boza na ya karatasi. Ujumbe ulisomwa. Haukujibiwa.

*

Jumatatu Bwana Swaleh alikuja. Alikuwa na shati jeupe, na aliposhuka garini alisimama kwanza akatafuta mahali pa kukanyaga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Kahama hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu."

Mapokezi palikuwa na kiti kimoja. Mwahija aliachia kiti chake, Bwana Swaleh akashukuru na kukaa, na Mwahija akabaki amesimama upande ule ambao wageni husimama. Amira alisimama naye. Wachimbaji waliotoka zamu walipita kati yao wakienda vyumbani, wakapunguza sauti.

"Rwamgasa inalaza watu mchana," alisema Bwana Swaleh.

"Inalaza."

"Tangu lini, mama?"

"Pampu ilipokufa."

"Hiyo ni lini?"

"Raudha alikuwa hajazaliwa. Sasa anasoma."

"Na hizo hela zote?"

"Maji, baba. Sabuni. Shuka unalolala wewe Kahama linakaa wiki. La hapa likilaliwa mara moja ni tope."

"Naamini. Kuna risiti?"

"Mwenye boza hana."

Bwana Swaleh aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama daktari. Akaomba afunguliwe kabati la mashuka. Aliyahesabu kwa macho, akashika moja akalipima unene kwa vidole. Kisha akaomba, kama mama hatajali, aone na vyumba vya nyuma. Mwahija alitangulia. Yasini alijaribu kusimama. Bwana Swaleh alimwambia akae, asijisumbue. Alitazama kitanda, mtungi wa oksijeni, televisheni, sare ya mtoto kwenye msumari.

"Hili friji ni la gesti?"

"La kwangu," alisema Mwahija. "Nililinunua Katoro."

"Lina risiti?"

Aliuliza kwa upole, kama anayeuliza mtoto ana miaka mingapi. Amira alimwona Mwahija akitafuta mahali pa kuweka mikono yake, akaishia kuifunga kwenye pindo la kanga.

"Litakuwa nayo mahali," alisema Yasini.

"Hamna shida," alisema Bwana Swaleh.

Nje, kando ya gari, alimwita Amira.

"Kazi yako nzuri. Rwamgasa sasa inaingiza kuliko Shinyanga mjini. Umeona?"

"Hiyo ni kabla ya maji, bosi. Nilikuandikia."

"Maji yamethibitishwa?"

"Hayana risiti."

"Basi hayajathibitishwa."

"Mama hajaiba."

"Sijasema ameiba. Nimesema sijui. Gesti nne siwezi kuziendesha kwa sijui." Alifuta kioo cha simu kwenye shati. "Wewe ndiye uliyetuambia siku ile Kahama, mbele ya wasimamizi wote: kisichokuwepo kwenye mfumo hakipo. Mimi nimekusikiliza."

Amira alikumbuka aliyasema. Aliyasema kwa sauti ya juu na watu walipiga makofi.

"Apolonia wa Nyahanga atakuja kukaa hapa," aliendelea Bwana Swaleh. "Ulimfundisha mwenyewe, unamjua, ni mwepesi. Vyumba vya nyuma vinakwenda na kazi, kwa hiyo mtanipa nafasi hadi mwisho wa mwezi. Nakuambia wewe kwanza kwa heshima."

"Ni mama mkwe wangu, bosi. Tunakaa wote humo."

"Ndiyo maana nasema kwa heshima. Mkataba wako nataka kuurefusha. Nimenunua gesti mbili Katoro, nataka ziingie kwenye mfumo. Posho ya nyumba tutazungumza. Bima inaendelea, hakuna hata siku moja itakayokatika." Alifungua mlango wa gari. "Kesho Apolonia akifika, funga akaunti ya mama, fungua ya kwake. Ukiona ni zito, Apolonia anaweza kuifunga. Ila hapo itabidi nikae chini nijiulize fomu ya maandalizi ilijazwaje. Uliandika kitanda kimoja mgeni mmoja, na ulikuwa unaishi hapa hapa."

Hakupandisha sauti. Alimwagiza amsalimie Yasini, akaondoka kabla jua halijawa kali.

*

Alasiri ile Amira aliwaeleza yote, kwa mpangilio, kama anavyoandika ripoti. Hakuficha habari ya fomu. Raudha alitumwa dukani akanunue chumvi ambayo ilikuwepo.

"Hapana," alisema Yasini. "Mwambie hapana. Sitaki dawa inayomtoa mama yangu nyumbani."

"Na ukikosa hewa?" Amira aliuliza.

"Nitakosa."

"Acha maneno ya sinema," alisema Mwahija. "Mwezi wa Ramadhani ulipokosa hewa ulinishika mkono mpaka ukanitoa damu. Hukusema nitakosa. Ulisema mama, mama."

Yasini aligeuza uso ukutani.

"Nitaongea naye tena," alisema Amira. "Nitamtafutia Eustace namba ya mlipakodi, nitaingiza matumizi ya nyuma yote—"

"Ya nyuma hayapo. Si ulisema?" Mwahija alikuwa akikunja mashuka ya gesti, pembe kwa pembe, bila kuharakisha. "Nikuulize kitu, Amira." Kwa kawaida alimwita mama Raudha. "Siku ile uani. Uliniuliza kama uwashe?"

"Nilikuuliza, mama. Ulisema washa."

"Uliniuliza kama wanavyoulizwa wazee. Jibu ulikuwa nalo, ulitaka kichwa cha kutikisa."

"Ungesema hapana ningeacha."

"Na mkataba? Na kadi? Uliyataja yote kabla sijafungua mdomo. Ningesema hapana kupitia wapi?"

Amira alishika pembe mbili za shuka, akasaidia kukunja.

Mwahija aliweka shuka la mwisho juu ya mengine. "Nitakwenda kwa dada yangu Shinyanga. Nyie mtafute chumba Kalangalala, kliniki ni karibu. Raudha atahamishwa shule."

"Angalau watakupa haki yako," alisema Yasini, bado ukutani. "Miaka kumi na mmoja. Mtu akiachishwa kuna notisi, kuna kiinua mgongo. Hiyo ni sheria, hawezi kukwepa. Unaweza kufungua hata kigenge."

"Kwa hiyo hela nitashukuru," alisema Mwahija. "Nitanunua friji jingine, na risiti yake nitaining'iniza shingoni."

Hakuna aliyecheka, ingawa alikusudia wacheke.

*

Apolonia alifika Jumanne asubuhi kwa basi la kwanza kutoka Kahama, na begi moja na mto wake mwenyewe. Alikuwa binti mwepesi kweli, mwenye adabu. Alimwamkia Mwahija kwa kupiga goti, akasema, "Mama, mimi nimetumwa tu."

"Najua, mwanangu. Maji ya kunywa yako kwenye ndoo ya bluu. Ya simtanki usinywe."

Mwahija alimwonyesha swichi ya jenereta, dirisha lisilofungika la namba saba, na wageni wawili wa kudumu ambao wasiamshwe hata gesti ikiungua. Alimwonyesha bila chuki. Kisha alivaa miwani, akaja kusimama kaunta, upande wa wageni. Alisema anataka kuona anavyotolewa.

Amira alikaa kwenye kiti. Alifungua ukurasa wa watumiaji. Majina yalikuwa machache: lake, la Bwana Swaleh, wasimamizi wanne. Aligusa jina la Mwahija, akagusa Funga. Mfumo ukauliza sababu, ukashusha orodha: amehamishwa, ameachishwa kazi, ameacha kazi kwa hiari, amefariki.

"Soma kwa sauti," alisema Mwahija. "Herufi ni ndogo."

Amira akasoma zote nne.

"Hiyo ya pili. Usiniandike nimeacha. Sijaacha."

Amira aligusa ya pili. Mfumo ukamtaka aambatishe barua ya mwajiri. Barua haikuwepo. Alijaribu kuruka hatua hiyo kwa namba yake ya ufundi; haikurukika, na alijua haitarukika kwa sababu yeye ndiye aliyeiweka, ili msimamizi yeyote asimfukuze mhudumu kwa hasira. Alimpigia Bwana Swaleh, akaweka sauti ya nje bila kufikiri.

"Bosi, inataka barua ya kumwachisha."

"Ya nini tena?"

"Bila barua haifungi."

"Weka ameacha kwa hiari."

"Hajaacha kwa hiari, bosi. Yuko hapa mbele yangu."

Nyuma ya sauti yake ilisikika redio ya gari. "Amira, ameachishwa ina mambo mengi. Ina notisi, ina malipo, ina maofisa wa kazi kuja kuuliza maswali ambayo mama mwenyewe hatapenda kuulizwa, ya hela za mchana. Nia yangu ni kumstahi. Weka kwa hiari. Nikiona imekaa sawa, leo leo nasaini mkataba wako wa Katoro nakutumia."

Simu ilikatika au alikata. Apolonia alikuwa amegeukia dirishani, akijifanya anatazama barabara. Kutoka vyumba vya nyuma kilisikika kikohozi cha Yasini, kirefu, kikaisha, kikaanza tena.

"Umemsikia," alisema Amira.

"Nimemsikia."

"Mama, nisemeje?"

"Hapo huniulizi kitu," alisema Mwahija. "Kiti umekalia wewe."

Amira alisubiri aendelee. Mwahija alisimama pale pale, miwani puani, viganja viwili juu ya kaunta, akichungulia skrini kama mgeni anayesubiri kupewa chumba. Kikohozi kilisimama. Amira alisikiliza kama kitaanza tena, na kabla hakijaanza aligusa ya tatu.

Mfumo uliuliza kama ana uhakika. Akagusa ndiyo.

Jina la Mwahija lilihama kutoka orodha ya juu kwenda orodha ya chini. Mbele yake pakaandikwa tarehe, kisha: ameacha kazi kwa hiari. Saa nne na nusu asubuhi taarifa ya badiliko hilo ilifika Kahama, na saa tano kasoro Bwana Swaleh alijibu kwenye kundi la wasimamizi wa gesti zote nne kwamba Rwamgasa imekamilika, akampongeza Amira kwa jina. Mkataba wa Katoro uliingia dakika chache baadaye. Amira aliusaini kwa kidole.